Nasema "mapenzi yako yatimizwe" na bado nataka uhamisho. Je, nimemkatalia Mungu?

Nesi wa Kilimani

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba msaada wenu, jambo hili nimelizungusha kichwani mpaka limenichosha.

Mimi ni muuguzi wa serikali, kituo changu ni zahanati ya kijijini mkoani Kigoma. Mume wangu yuko Mwanza, anafanya kazi kiwanda cha samaki. Binti yetu analelewa na mama mkwe huko huko. Tangu niajiriwe naonana nao wakati wa likizo, au nikibahatika kupewa ruhusa ya siku chache ambazo nyingi zinaishia barabarani. Mtoto akishikwa na homa usiku, mama mkwe ananipigia, nami namwelekeza kwa simu kiasi cha dawa ya maji cha kumpa na namna ya kumpangusa kwa kitambaa. Kukicha nakaa kliniki, natundika watoto wa wenzangu kwenye mzani mmoja mmoja, nasema "anaendelea vizuri mama", na wangu sijui amelalaje.

Uhamisho nimeomba kwa utaratibu, zaidi ya mara moja. Jibu ni lile lile: kituo kina upungufu, subiri apatikane mbadala. Nimetafuta mtu wa kubadilishana naye kwenye magrupu ya WhatsApp. Wanaulizia umeme, wanaulizia mtandao, wakisikia ni sola na kwamba mtandao unaupata ukipanda kwenye kichuguu nyuma ya choo, hawarudi tena.

Sasa kwenye ushirika wetu wa katikati ya wiki nilitoa ombi hili kwa mara nyingine. Mzee wa kanisa akaniambia, tena kwa upole: "Dada, umewahi kufikiri kwamba shida yako si uhamisho? Shida ni mapenzi yako ambayo hujayasalimisha. Mungu amekupanda hapa. Jikane nafsi yako." Wenzangu wakaitikia amina.

Tangu siku hiyo sijui niombe vipi. Nikisema "mapenzi yako yatimizwe", moyo unaongezea "lakini Mwanza". Nimefunga. Nimejaribu kuacha kutaka, nimeshindwa. Basi la Mwanza linapita barabara kuu alfajiri, honi yake inafika mpaka kwenye nyumba za watumishi, na kila ikilia najikuta napiga hesabu litafika Nyakanazi saa ngapi.

Swali langu: kumtolea Mungu mapenzi yangu maana yake niache kutaka? Nifute ombi? Na nikiendelea kufuatilia nitakuwa natembea nje ya mapenzi yake?

(Kuna mtu pia kaniambia akipata laki tano jina langu litatoka kwenye orodha ijayo. Mume wangu anasema tuitafute tumalize. Sijamjibu bado.)

Shujaa wa Imani

Amina dada. Mzee amesema kweli tupu, ipokee. Luka 9:23, "ajikane mwenyewe, ajitwike msalaba wake kila siku". Yona alitaka Tarshishi, Mungu alitaka Ninawi, na samaki alimkuta njiani. Futa hilo ombi, mwambie Bwana "nimebaki", halafu tulia uone atakavyokuinua. Moyo unaotaka mambo mawili hauwezi kusikia sauti ya Mungu. Wako wamisionari walioacha nchi zao wakafia huku kwetu, wewe ni mkoa tu.

Mdau wa Dodoma

Mimi si mwalimu wa Biblia, nasemea hicho ulichoweka kwenye mabano. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 15, inamshika anayepokea na anayetoa. Ukikamatwa, zahanati utaikosa na Mwanza utaikosa. Namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113, kupiga ni bure.

Mkunga Mstaafu, Kasulu

Mwanangu, nimesoma habari yako usiku nikashindwa kulala kabla sijakuandikia. Kazi yako ndiyo iliyokuwa yangu. Nimezalisha kwa taa ya chemli, nimebeba chanjo kwenye boksi la barafu nikiwa nyuma ya baiskeli. Naijua hiyo nyumba ya mtumishi inayovuja, na naijua hiyo honi.

Naanza na hapo ulipoumia zaidi, unaposema umejaribu kuacha kutaka ukashindwa. Nani alikwambia uache kutaka? Fungua Mathayo 26, usome polepole, kana kwamba hujawahi kuisoma. Bwana wetu yuko Gethsemane. Anaanguka kifulifuli. Neno la kwanza linalomtoka si "mapenzi yako". Anasema, "ikiwezekana, kikombe hiki kiniepuke." Kwanza anataja anachokitaka, wazi, mbele za Baba yake, ndipo anasema, "walakini si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe." Angekuwa hana anachotaka, asingekuwa na cha kutoa.

Ukifika mstari wa 42 utaona kitu ambacho watu wengi wanakipita mbio. Mara ya kwanza aliomba "ikiwezekana". Mara ya pili anaomba hivi: ikiwa haiwezekani kikombe hiki kiniepuke nisipokinywa, mapenzi yako yatimizwe. Kumetokea nini katikati? Hatuambiwi. Tunachoambiwa ni kwamba aliwarudia rafiki zake akawakuta wamelala, akaenda tena. Maombi yake yalisogea hatua moja. Halafu mstari wa 44 unasema akaomba mara ya tatu "akisema maneno yale yale". Mwana wa Mungu alirudia ombi. Luka anaongeza kwamba jasho lake lilikuwa kama matone ya damu. Basi wewe unayeomba Jumatano hii na Jumatano ile maneno yale yale, usikubali mtu akwambie huko ni kukosa imani.

Nimekaa na akina mama wengi kwenye chumba cha kuzalia, na wewe unalijua hili kwa mikono yako. Mama akiwa na uchungu, njia haijafunguka yote, hatumwambii asisikie uchungu. Tunamwambia asisukume bado, maana akisukuma kabla ya wakati anajichana na mtoto anachoka. Uchungu ni wa kweli na unafanya kazi yake. Hamu yako ya kuishi na mumeo na kumlea mwanao naiona hivyo hivyo. Ndoa Mungu ndiye aliyeiweka, na hata Paulo, ambaye hakuwa na mke, aliwaambia Wakorintho wanandoa wasinyimane isipokuwa wamepatana kwa muda. Huwezi kuniambia kutaka kulala nyumba moja na mume wako ni kutaka dunia.

Sasa nakuja kwenye mabano yako. Uliiweka laki tano kwenye mabano, mwanangu, na mimi nimeisoma kabla ya mengine yote.

Usiku ule ule, bustani ile ile, walikuwepo wawili waliotaka jambo moja. Yesu alitaka kikombe kimwepuke. Petro naye alitaka kikombe kimwepuke Yesu, na nia yake ilikuwa ya upendo kabisa. Mmoja aliomba. Mwingine alichomoa upanga akamkata Malko sikio. Yohana 18:11, Yesu anamwambia arudishe upanga alani, "kikombe alichonipa Baba, mimi nisikinywee?" Walichotaka kilikuwa kimoja, na mkono wa Petro ndio uliomwonyesha alipofika. Wewe unajiuliza usiku kucha kama kutaka Mwanza ni kosa, na kumbe Gethsemane yako iko kwenye hiyo laki tano. Hapo ndipo utakapojua mapenzi yako umeyatoa au umeyashika. Ukiilipa, umechomoa upanga, na kuna nesi mwingine mahali fulani, pengine ana mume mgonjwa, amesubiri kwa haki kama wewe, ambaye jina lake litashuka ili lako lipande. Hilo sikio la mwenzako utalirudishaje?

Mimi nimelelewa na walokole wa zamani, watu wa Uamsho. Vijana wa leo wanadhani ulokole ulianza na spika kubwa. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja, wote wawili wakiwa na kiu. Church alikuwa anafanya kazi hospitali ya Gahini, Rwanda, na miaka ya 1930 moto ulipowaka ulitokea huko ukaenda Uganda, Burundi, Kenya, ukaja na huku kwetu Tanganyika. Nyumbani neno lililotajwa kila siku lilikuwa "kuvunjika". Watoto tulilisikia kama kitu cha machozi. Nilipokua nikaona lina miguu: watu walirudisha mali ya wizi, walilipa madeni, walipatana na majirani waliokuwa hawasalimiani nao. Baba yangu alirudisha mbuzi aliyemchukua kwa hila kwenye kesi ya mpaka. Yule mbuzi alikuwa amezalia kwetu. Mama akasema rudisha mkubwa, mdogo tumemlisha sisi. Baba akamfunga kamba na mdogo pia, akasema huyu naye si wetu, akashuka nao wote wawili bondeni kwa mwenyewe, mchana, watu wakiona. Hamu ya kuwa na mbuzi hakuiacha. Alifuga mpaka kufa kwake. Alichokiacha ni ile njia.

Jambo lingine kuhusu hao wazee, na hapa namheshimu mzee wako wa kanisa ila namjibu. Katika ushirika wa Uamsho mtu alisimama akaleta nuruni dhambi YAKE. Hakusimama kuonyesha mapenzi ya jirani ambayo hayajasalimishwa. Mapenzi yako unamtolea Mungu, na Mungu hakumtuma mtu mwingine ayapokee kwa niaba yake. Ushauri pokea, tena kwa shukrani. Lakini mtu akikwambia "Mungu amekupanda hapa", muulize kwa adabu amelijuaje. Paulo alipoomba mwiba uondolewe, aliomba mara tatu, na aliyemjibu "neema yangu yakutosha" alikuwa Bwana mwenyewe.

Na Paulo huyo huyo alifuatilia haki zake. Askari walipokuwa karibu kumpiga mijeledi alisema mimi ni raia wa Rumi. Kwa Festo alikata rufani kwa Kaisari. Watumwa wa Korintho aliwaambia wasihangaike kwa kuwa waliitwa wakiwa watumwa, lakini wakiweza kuwa huru, waitumie nafasi. Yuko mtu aliyejitoa kwa Mungu kuliko Paulo? Barua ya uhamisho iliyopitia kwa mwajiri wako ni rufani kwa Kaisari. Iandike bila hatia. Ambatanisha cheti cha ndoa, na barua kutoka kazini kwa mumeo, maana kumfuata mwenza ni sababu inayotambulika.

Nimalizie na lililo gumu. Nimefanya kazi na wauguzi waliokuwa wanasubiri uhamisho. Mwili uko zahanati, roho imeshapanda basi. Mama anaingia na mimba kubwa, anaulizwa kadi bila kutazamwa usoni. Vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za wagonjwa, vinajazwa mwisho wa mwezi kwa kukisia. Jokofu la chanjo halisomwi joto lake asubuhi, linaandikwa tu. Sisemi wewe uko hivyo. Nasema majaribu ya anayesubiri yako hapo, na hapo pia kuna mapenzi ya Mungu ambayo huhitaji kufunga ili uyajue. Utakapohamia hujui. Huyo aliyekaa kwenye benchi akikusubiri saa mbili asubuhi unamwona. Mtazame usoni, mwite kwa jina, soma kipimajoto. Halafu jioni panda kwenye kichuguu chako, pigia Mwanza, ukimaliza mwambie Baba unataka kwenda nyumbani. Mwambie hivyo hivyo.

Shujaa wa Imani

Mama nakuheshimu sana, umefundisha. Ila Yona je? Naogopa tukimwambia kila mtu "hamu yako ni ya kweli" tutabaki na kanisa la watu wanaofanya wanavyotaka na kubandika jina la Mungu juu yake.

Mkunga Mstaafu, Kasulu

Hofu yako ni ya haki, mwanangu, na nimeishi muda wa kutosha kuiona ikitimia. Lakini rudi kwa Yona. "Neno la Bwana lilimjia Yona" ndivyo kitabu kinavyoanza. Aliambiwa jina la mji. Dada huyu hajaambiwa na Bwana abaki, ameambiwa na mzee. Siku Bwana akimwambia abaki, hata kwa njia ya milango yote kufungwa miaka yote, nitamwambia mimi mwenyewe abaki, na nitakwenda kumtembelea. Na usisahau Yona alipokwenda Ninawi alikwenda na miguu tu. Mji ulipotubu alikasirika, akaketi nje chini ya mtango. Alifika alipotumwa na mapenzi yake bado anayo mkononi. Kwa hiyo hata kubaki Kigoma peke yake hakuthibitishi kitu, mtu anaweza kubaki kwa kinyongo akaita ni utii.

Mutumishi wa Meru

Bwana asifiwe kutoka Kenya. Mimi ni Mmethodisti. Sisi kila mwanzo wa mwaka tuko na Ibada ya Agano, ambayo John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, aliiongoza mara ya kwanza huko London tarehe 11 Agosti 1755, akitumia maneno aliyoyapata kwa Wapuritani, Wakristo wa Uingereza waliomtangulia. Ndani yake kuna mahali unamwambia Mungu akutumie kazini ama akuweke kando, akujaze ama akuache mtupu, yote kwa ajili yake. Nilikuwa naisoma tangu nikiwa kijana bila kushtuka. Mwaka nilioachishwa kazi niliposimama kanisani hilo neno la kuwekwa kando lilikwama kooni. Watu wote walikuwa wanasoma kwa sauti, mimi nilinyamaza kwa huo mstari. Mzee mmoja kando yangu aliona, akausoma tena pole pole peke yake, kama ananingojea. Nikausoma na yeye. Kazi sikupata wiki hiyo.

Dada, ninachotaka kukuambia ni kwamba hiyo ibada inarudiwa kila mwaka kwa sababu mtu hatoi mapenzi yake mara moja akamaliza. Luka ameandika "kila siku". Usijihukumu kwa kuwa jana ulitoa na leo asubuhi umeamka umeyashika tena.

Nesi wa Kilimani

Nimechelewa kurudi, tulikuwa na chanjo za mkoba vijijini. Mama, asante. Nimesoma majibu yenu juu ya kichuguu mpaka simu ikaisha chaji, nikashuka nikachaji kwenye sola ya wodi, nikapanda tena.

Jana nilimpigia mume wangu nikamwambia ile laki tano hatutoi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kumbe ameshakopa SACCOS, hela iko ndani, na yule mtu anamsumbua kila siku. Akakasirika, akaniuliza kama nawapenda kweli au nimeshapazoea huku. Hilo limeniuma kuliko yote. Sikujua la kujibu, nikamwambia tu nataka kuja nyumbani na sitaki kuja hivyo. Akakata simu. Leo mchana ametuma ujumbe mmoja: "Nitairudisha Ijumaa."

Sijui kama amekubali au amechoka. Mtuombee.

Leo niliomba vile ulivyosema. Nilisema kwanza ninachotaka, nikataja majina yao wote wawili, na mtaa wetu. Nilipofika "lakini mapenzi yako" nililia, ila niliweza kusema. Kesho nadhani itabidi nianze upya.

Mama, nina swali moja. Barua niiandike upya au niambatanishe cheti cha ndoa kwenye ile ya zamani? Na kwa mzee wa kanisa, Jumatano nitoe ombi lile lile au ninyamaze?

Mkunga Mstaafu, Kasulu

Andika upya, yenye tarehe mpya, na ueleze kwamba una maombi ya awali ambayo hayajajibiwa. Ipitishe kwa mganga mfawidhi wako, nakala ubaki nayo yenye muhuri wa kupokelewa. Muhuri usiusahau.

Mumeo usimwache na hiyo SACCOS peke yake. Kuna riba na kuna makato ambayo pengine yameshaanza. Muulize ni kiasi gani, mgawane. Hajakataa Mungu, amechoka kulala peke yake kama wewe, na aliyeumia namna hiyo husema neno kama lile alilokuambia. Mpigie leo, usisubiri Ijumaa. Wala usianze na Maandiko, anza na habari za mtoto.

Jumatano toa ombi lile lile, maneno yale yale. Na umwombe yule mzee akuombee yeye mwenyewe, kwa sauti, ajue unampenda.